Mwalimu wa Fikra na Chuo Chake katika Mpaka wa Unyiha na Unamwanga

Katika orodha ya masomo ya shule zetu za msingi na za sekondari za kawaida hakuna somo liitwalo falsafa. Mtu akienda katika kata ya Ruanda, wilayani Mbozi, akauliza nyumba ya mwalimu wa falsafa, hataonyeshwa. Ataonyeshwa mwalimu wa Historia, au wa Uraia, au wa Maadili, ambaye kwa dakika arobaini anatakiwa awaeleze vijana haki ni nini. Kwa nini ahadi itimizwe hata pale ambapo kuivunja kungeleta faida. Na kuna tofauti gani kati ya kulijua jambo na kuliamini tu kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Maswali hayo ni ya falsafa, hata kama kitabu cha mwanafunzi hakikuyaita hivyo. Basi swali la insha hii ni hili: mwalimu huyo mwenyewe alifunzwa na nani, na baada ya kupewa cheti chake, alipata wapi nafasi ya kuendelea kujifunza?

Ruanda tunayoitaja hapa isichanganywe na nchi jirani ambayo zamani vitabu vyetu viliiandika kwa tahajia hiyohiyo. Hii ni kata mojawapo ya Wilaya ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa na mahindi. Ukifuata barabara kuu ya Zambia kuelekea magharibi unafika Tunduma, katika nchi ya Wanamwanga, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa katikati. Tumechagua mahali hapa kwa makusudi. Historia ya mafunzo ya walimu wetu kwa kawaida husimuliwa kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani, kana kwamba fikra ni shehena inayopakiwa bandarini. Ukiitazama kutoka Mbozi unaona mambo mengine, na baadhi ya hayo hayakupita Dar es Salaam hata kidogo.

Tuanze na zama zilizotangulia shule. Wanyiha walisifika kwa ufundi wa chuma. Walijenga tanuri refu la udongo lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, na baada ya hapo chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo la pili. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayejua mawe, anayejua kuni, anayejua udongo, na pia anayejua dawa na miiko iliyoizunguka kazi nzima. Kijana hakuyapata yote hayo kwa kuhudhuria mara moja. Alikaa na fundi, akabeba, akachochea, akakosea, akasahihishwa mbele ya wenzake. Hali kadhalika baraza la wazee. Kijana alisikiliza mashauri kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kutoa neno, na alipolitoa lilipimwa na waliokuwapo, palepale.

Hatuna haja ya kuyapamba mambo hayo kupita kiasi. Mabaraza ya zamani aghalabu hayakuwapa wanawake nafasi iliyowastahili, na si kila swali la kijana lilipokewa kwa furaha. Lakini jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mtu: aliyewafunza wengine aliendelea kukaa kati ya walio sawa naye. Fundi alikuwa na mafundi, mzee alikuwa na wazee, wala hakuna aliyeachwa peke yake na maarifa yake mpaka yakachakaa.

Shule zilipokuja katika eneo hili zilikuja kwa njia mbili. Wamoravian kutoka Ujerumani walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, chini ya Traugott Bachmann, wakafundisha na kuandika kwa Kinyiha. Kwa upande wa pili, Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ambao chimbuko lao lilikuwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walijenga kituo cha Mwenzo, katika nchi ya Wanamwanga, miaka ya 1890. Mwenzo imo ndani ya Zambia ya sasa, si mbali na Tunduma. Kati ya misheni hizo mbili ulipita mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliupatana katika mkataba wa mwaka 1890, nao kwa sehemu ulifuata ile njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyoanzwa miaka ya 1880 ili kuliunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Watu wa ukoo mmoja walijikuta wanalipa kodi kwa wafalme wawili wa Ulaya.

Kwa habari ya walimu, njia hii ya pili ndiyo iliyo na mengi ya kutufundisha, na kwa hiyo tutakaa nayo kidogo.

Waskoti wale walikuwa na chuo chao kikuu cha mafunzo huko Khondowe, juu ya milima inayolitazama Ziwa Nyasa. Kilianzishwa mwaka 1894 na Dakta Robert Laws, kikaitwa Overtoun, kwa jina la tajiri wa Uskoti aliyekifadhili. Palikuwa na useremala, uashi, uchapaji na uganga. Palikuwa pia na mafunzo ya ualimu, na kwa wachache waliofika juu, masomo ya lugha, historia na hata falsafa. Katika Afrika yetu ya wakati ule lilikuwa jambo la nadra sana. Serikali za kikoloni zilitaka makarani na wakalimani; wamisionari wengi walitaka mwalimu ajuaye kusoma Maandiko na kuimbisha, basi. Laws naye hakuwa mkombozi wa kisiasa, wala hatumtaji ili tumtukuze. Aliamini tu kwamba mwalimu Mwafrika anaweza kufundishwa kile alichofundishwa yeye mwenyewe huko kwao. Imani hiyo ilizaa matunda ambayo huenda mpandaji hakuyatarajia.

Mmoja wa waliopita Overtoun alikuwa Donald Siwale, Mnamwanga, aliyerudi kufundisha Mwenzo. Mwingine alikuwa David Kaunda, mzaliwa wa pwani ya Ziwa Nyasa, aliyetumwa mwaka 1904 kwenda kufundisha kwa Wabemba kule Chinsali. Ndiye baba wa Kenneth Kaunda, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia. Watu hawa walikuwa wamefungua kitabu, kisha wakarudishwa vijijini mbali na maktaba, mbali na mijadala ya chuo, katika shule ambazo zilifunguliwa kwa miezi michache tu ya mwaka. Hapo ndipo mwalimu wa fikra hufa taratibu: si kwa njaa, bali kwa kukosa mtu wa kumwambia, "Hapo umekosea, fikiri tena."

Walichofanya ni kukiunda chuo chao wenyewe. Mwaka 1912 Siwale, Kaunda na Hezekiya Kawosa walianzisha kule Mwenzo chama cha ustawi. Mwaka huohuo wenzao wa Karonga, wakiongozwa na watu kama Levi Mumba, naye pia mwanafunzi wa Overtoun, walikuwa wameanzisha chama cha namna hiyo kwa upande wa kaskazini mwa Nyasaland. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikivuruga chama cha Mwenzo, kwani mpaka wenyewe uligeuka kuwa uwanja wa mapigano. Kikafufuliwa mwaka 1923.

Historia ya siasa inakitaja chama hicho kama mbegu ya vyama vya ukombozi vya Zambia, na ni haki kufanya hivyo. Wanachama walizungumza habari za kodi na namna serikali ilivyowatendea raia, wakayaandika mawazo yao kwa adabu na kuyapeleka kwa wakubwa. Lakini sisi tukitazame kwa jicho jingine kidogo. Waanzilishi walikuwa walimu. Kila siku walisimama mbele ya watoto wakifundisha kwamba wanadamu wote ni ndugu na kwamba haki haina upendeleo. Halafu jioni waliiona kodi ya kibanda ikimfukuza baba wa mtoto huyohuyo kwenda kutafuta kibarua kusini. Mwalimu yeyote mwenye akili timamu akiwa katika hali hiyo atauliza: je, ninachofundisha ni kweli? Na kama ni kweli, inakuwaje mambo yako hivi? Chama cha Mwenzo kilikuwa mahali ambapo walimu waliweza kuliuliza swali hilo kwa sauti, wakajibizana, wakapima maneno kabla ya kuyaandika. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wakijiendeleza kitaaluma. Wao hawakulijua neno hilo, wala hawakulihitaji.

Chama hakikudumu. Kabla ya miaka ya 1920 kumalizika kilikuwa kimefifia, wanachama wake wakuu walipohamishwa huku na kule. Msomaji aikumbuke sababu hiyo, maana itatokea tena katika habari hii. Serikali haikulazimika kukipiga chama marufuku. Ilitosha kuhamisha watu watatu au wanne.

Upande wetu wa mpaka, vita vile vilileta badiliko la ajabu. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa, mpaka Wamoravian waliporudi katikati ya miaka ya 1920, ni Waskoti wa Livingstonia waliovisimamia vituo vya Rungwe na Mbozi. Hivyo mkondo uleule wa Overtoun uliingia mpaka Unyiha. Baada ya hapo serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilianza kuwa na sauti zaidi katika elimu, na mwaka 1928 ilifungua shule ya Malangali, katika nyanda hizihizi za juu kusini, chini ya W. Bryant Mumford. Shule hiyo ilijulikana kwa kuwaita wazee waje kuwafundisha vijana mila na desturi. Wapo waliousifu mpango ule kuwa heshima kwa utamaduni wa Mwafrika. Kwa maoni yangu ulikuwa na kasoro kubwa: mzee aliitwa aonyeshe mila, hakuitwa ajadiliane na mwalimu. Mila ikawa kama ngoma ya kuonyesha wageni. Mzee hakuulizwa sababu za alichokisema, na mwalimu hakuruhusiwa kutofautiana naye, kwa kuwa mkutano wenyewe haukuwa wa fikra.

Mwalimu wa Tanganyika aliyepata nafasi kubwa kuliko wote ya kusoma falsafa ni yule tunayemwita Mwalimu hata leo. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere kati ya 1943 na 1945, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti. Miongoni mwa masomo yake hadi alipohitimu mwaka 1952 ilikuwamo falsafa ya maadili. Alirudi akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Inastahili kuangaliwa kwamba nafasi hiyo ilimjia akiwa tayari mwalimu kazini. Hakwenda kujifunza kufundisha. Alikwenda kujifunza kufikiri juu ya yale aliyokuwa akiyafundisha. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa faida ya kumwachia mwalimu miaka mitatu asome.

Baada ya Uhuru, kazi ya kuwafunza wafunzaji wa fikra ilichukuliwa na Taifa. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961 kuwaandaa viongozi na watumishi wa umma. Azimio la Arusha la Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea iliyofuata mwezi Machi, viliifanya shule iwe mahali pa kumjenga mtu mwenye akili ya kuhoji. Mwandishi wa Elimu ya Kujitegemea alisisitiza jambo hilo waziwazi. Somo la Siasa likaingia madarasani. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kila shule nchini, kutoka Ruanda hadi Bukoba, ilikuwa na mwalimu ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kufundisha maana ya usawa, utu, kazi na uhuru.

Tunapaswa kusema kweli juu ya jinsi kazi hiyo ilivyofanyika. Lengo lilikuwa kuhoji, lakini mtihani uliuliza tarehe na tafsiri zilizokubaliwa. Mwalimu wa Siasa alipewa majibu kabla hajapewa maswali. Walikuwapo waliofundisha vizuri sana, ambao wanafunzi wao wanawakumbuka mpaka leo. Hao walikuwa wasomaji wa magazeti na vitabu, watu wa kubishana jioni. Wengine waligeuza azimio kuwa katekisimu. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutokana na imani yao. Wote waliamini. Ilitokana na kuwapo au kutokuwapo kwa mahali pa kujadiliana ambapo kukosea hakukuwa kosa la jinai.

Zilikuwapo juhudi za kupaandaa mahali hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpango uliojulikana kwa kifupi kama MTUU, wa Tanzania pamoja na UNICEF na UNESCO, ulijaribu jambo la busara. Badala ya kuwaita walimu wote vyuoni, wakufunzi waliokuwa na makao yao vyuoni walizunguka shuleni, wakakaa darasani, wakamwona mwalimu akifundisha, kisha wakazungumza naye. Mtu aliyepata kutembelewa namna hiyo anaijua tofauti iliyopo kati ya mkufunzi na mkaguzi. Mkaguzi huja kuona kama umefanya. Mkufunzi huja kuuliza kwa nini umefanya.

Halafu likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, na nia ya kumpeleka shuleni kila mtoto wa Tanzania. Walimu walihitajika kwa maelfu, na vyuo havikuwatosha. Ndipo kuanzia mwaka 1976 ukaanza mpango mkubwa wa kuwafunza walimu wakiwa vijijini mwao. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa. Kila siku walifundisha vipindi vichache katika shule ya kijiji, na muda uliobaki walisoma wenyewe, kwa masomo yaliyotumwa kwa posta na vipindi vya redio, chini ya uangalizi wa mratibu wa elimu wa kata. Mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma machache. Katika makundi matatu waliandikishwa zaidi ya 45,000, na zaidi ya 35,000 kati yao walifaulu. Nchi chache za dunia ziliwahi kufanya jambo la ukubwa huo kwa muda mfupi kiasi hicho.

Ni desturi siku hizi kuwacheka walimu wale wa UPE. Si haki. Kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane aliyepewa darasa la watoto wengi, chaki chache na redio ya mkulima, akafaulu kuwafundisha kusoma na kuandika, hastahili kuchekwa. Tena, kwa suala letu la fikra, mpango ule ulikuwa na kitu ambacho vyuo vya bweni havikuwa nacho: kikundi cha kata. Wanafunzi-walimu wa vijiji jirani walikutana, wakasikiliza kipindi kilekile, wakasoma somo lilelile, na kesho yake kila mmoja akaenda kulijaribu kwa watoto halisi. Kwa umbo lake, mpango huo ulikaribia sana chama cha Mwenzo kuliko ulivyofanana na chuo cha ualimu.

Kilichopungua ni maudhui. Somo la posta lilikuja limekwisha kukamilika kutoka mjini. Lilimtaka msomaji ajibu maswali ya mwisho wa sura, si aulize yake. Na mara kundi lilipopata vyeti, kikundi kilivunjika, na walimu wakahamishwa. Hapa ndipo msomaji ataikumbuka Mwenzo. Hakuna aliyekusudia kuua mjadala. Ilitosha kuupa cheti na kuutawanya.

Mageuzi ya mwaka 1992, yaliyorudisha vyama vingi, yaliliondoa somo la Siasa, na mahali pake pakaja Uraia. Mwalimu aliyekuwa amefundishwa kwamba jambo fulani ni kweli tupu alitakiwa sasa alifundishe kama moja ya maoni. Ni mgeuko mkubwa wa kifalsafa kuliko tunavyokubali kuuona, nao ulifanyika, katika shule nyingi, kwa kubadili kitabu tu. Mwalimu hakupewa nafasi ya kujiuliza hadharani: je, tulikosea, au nyakati zimebadilika, au yote mawili? Wako waliolijibu swali hilo peke yao kwa uadilifu mkubwa. Wako pia waliokata shauri kwamba hakuna la kuamini, wakafundisha kwa ajili ya mtihani.

Ni vyema hapa tuangalie falsafa yenyewe ilikuwa wapi katika miaka hiyo. Katika nchi yetu ilisomwa kwa utaratibu na kwa muda mrefu katika seminari kuu za Kikatoliki, kama vile Kibosho na Ntungamo, ambako huja kabla ya teolojia, na wakufunzi wake aghalabu hupelekwa kusoma zaidi ng'ambo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na taaluma za dini, lakini ni changa ukiilinganisha na za historia, fasihi na siasa. Jirani zetu walitutangulia kidogo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, katika miaka ya 1970, alianza kuwaendea wazee wa vijijini wenye busara. Hakwenda kukusanya methali. Alikwenda kuwauliza hoja zao: kwa nini unasema hivyo, na ukipingwa utajibuje? Kitabu chake juu ya falsafa ya wahenga kilitoka mwaka 1990. Linganisha njia hiyo na ile ya Malangali. Wazee wa Malangali waliitwa waonyeshe. Wazee wa Oruka waliulizwa. Na aliyefaidika zaidi ni mwalimu mwenyewe na wanafunzi wake, kwani walijifunza kukaa mbele ya mtu asiye na cheti na kusahihishwa naye.

Ni ajabu kwamba jambo hilo halijawa desturi katika mafunzo yetu ya ualimu. Mwanachuo wa ualimu husoma falsafa ya elimu, akataja majina ya Wayunani na ya Wamarekani, akafaulu. Hatumwi kwenda kumwuliza mfua chuma mzee, au mama aliyesuluhisha mashauri ya ndoa kwa miaka thelathini, ni kwa kipimo gani anaitambua haki.

Sasa tufike katika siku zetu. Mabadiliko ya mitaala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024 yameleta somo jipya, Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata katika sekondari. Kwa wale wanaojali utamaduni wa taifa hii ni habari njema, na hasa suala la lugha, kwa maana mtoto hawezi kuipima hoja katika lugha anayoiogopa. Wakati huohuo Serikali imeweka utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wenyewe wameufupisha kuwa MEWAKA. Kiini chake ni jumuiya za kujifunza: walimu wa shule moja hukutana kwa ratiba, wakazungumzia matatizo ya ufundishaji, na vituo vya walimu vya kata huziunganisha shule jirani.

Kwa umbo, tumerudi Mwenzo, na tumerudi kwenye kikundi cha kata cha 1976. Jambo hilo ni la kufurahisha. Hofu yetu ni ya maudhui. Walimu wa hisabati wakikutana wana la kufanya: wanachukua mada ngumu, wanaigawanya, wanaitafutia zana. Mwalimu wa maadili akienda katika jumuiya hiyo na swali lake, mathalani mwanafunzi amemwuliza kama ni haki kusema uongo ili kumwokoa ndugu, huenda akaambiwa aangalie mwongozo. Mwongozo hauna jibu, wala haupaswi kuwa nalo. Swali la namna hiyo linahitaji wenzake wakae, mmoja aseme ndiyo, mwingine aseme hapana, kila mmoja atoe sababu, na mwishoni mwalimu aondoke akiwa na njia tatu za kuliendesha swali darasani badala ya jibu moja la kuliandika ubaoni.

Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mwalimu mkuu asiyeogopa ubishi, mratibu wa kata anayekubali kwamba kikao kisicho na maazimio bado ni kikao, na vitabu vichache. Linahitaji pia walimu waliozoeana wasitawanywe kila mwaka.

Mbozi ina somo lake tayari, nalo limelala juu ya ardhi. Katika eneo la Ndolezi kiko kimondo mashuhuri, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi, ambalo habari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka 1930. Hakuna mtu anayejulikana kuwa aliliona likianguka. Basi tunajuaje kwamba lilitoka mbinguni? Mwanafunzi wa Ruanda ana haki ya kuuliza. Mwalimu wa fizikia atamweleza kwamba chuma hicho kina nikeli ya asilimia nane na zaidi, na kwamba kikikatwa na kung'arishwa kwa asidi huonyesha michoro isiyopatikana katika chuma cha kufuliwa. Mzee aliyerithi habari za tanuri za Wanyiha atamweleza chuma cha ardhini hutoka katika mawe ya namna gani, na kwa nini hakipatikani kimekwisha kuiva chenyewe. Mwalimu wa historia atauliza ushahidi ni nini pale ambapo shahidi hayupo. Na mwalimu wa maadili atauliza kama tunapaswa kumwamini mtaalamu ambaye hoja zake hatuwezi kuzikagua wenyewe, na kwa kiasi gani. Walimu wanne kama hao wanaweza kupatikana katika kata moja, na mzee naye yupo kijijini. Alasiri moja ingewatosha kuanza, wakikaa katika duara, na kimondo kikiwa jambo la kwanza katika ratiba ya jumuiya yao.